Octave Lapize: bingwa aliyeshuka akakokota baiskeli

Kama umewahi kupanda mlima Sekenke na baiskeli yenye gunia la alizeti kwenye keria, unapajua mahali ambapo mguu unagoma. Unashuka, unakokota, na vijana wa bodaboda wanakupita wakicheka. Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea habari za Mfaransa aliyeshuka akakokota vivyo hivyo, tena katika mashindano makubwa, na bado akawa bingwa.

Octave Lapize alizaliwa Paris mwezi Oktoba 1887. Hakuwa mrefu, na wenzake walimtania kwa nywele zake za kujikunja. Mwaka 1908, akiwa na miaka 20, alipata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya London katika mbio za kilomita 100. Mwaka uliofuata akashinda Paris–Roubaix, mbio za barabara ya mawe, na akairudia 1910 na 1911.

Wakati wa baridi waendesha baiskeli wengi wa Ulaya walipumzika. Lapize aliingia porini kucheza saiklokrosi. Katika mchezo huu unaendesha kwenye matope, na ukifika kwenye mtaro, gogo au kilima cha utelezi, unaruka chini, unaitupa baiskeli begani na kukimbia nayo. Askari mmoja Mfaransa, Daniel Gousseau, ndiye aliyeandaa ubingwa wa kwanza wa taifa mwaka 1902. Wengi waliuona kama mchezo wa kujichafua tu.

Ikaja Tour de France ya 1910. Kwa mara ya kwanza waandaaji walitaka kupita juu ya milima mirefu ya Pyrenees, mpakani na Hispania. Walimtuma Alphonse Steinès akague njia. Gari lake likakwama kwenye theluji, akatembea usiku kucha, nusura afe. Asubuhi alituma simu ya maandishi kwamba njia ni nzuri. Sisi tunaona huo ulikuwa uongo wa hatari, maana waliopaswa kupita pale walikuwa watu wengine.

Tarehe 21 Julai walianza safari kabla ya alfajiri: kilomita 326 kutoka Luchon hadi Bayonne, kwa baiskeli nzito zisizo na gia za kubadilisha kama hizi za leo. Kwenye mlima Tourmalet, mita 2,115 juu ya bahari, Lapize alipanda, akashuka, akakokota, akapanda tena, na akafika kileleni wa kwanza. Nyuma yake Gustave Garrigou alipanda mlima wote bila kushuka hata mara moja, akapewa zawadi ya faranga 100. Lakini aliyetangulia ni yule aliyekokota.

Mlima uliofuata, Aubisque, ulimvunja. Alipowakuta waandaaji kando ya njia, aliwafokea akiwaita wauaji. Halafu akaendelea, na baada ya saa 14 hivi barabarani akashinda siku hiyo. Mwisho wa mashindano alimshinda François Faber, bingwa wa mwaka uliotangulia, kwa pointi 4 tu: 63 kwa 67, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Lapize mwenyewe alisema mazoezi ya saiklokrosi ndiyo yaliyomsaidia, na wengine wakaanza kumfuata porini. Hiyo ndiyo Tour pekee aliyoimaliza. Nyingine zote aliachia njiani.

Mwaka 1914 vita vikuu vikaanza. Vita hivyo vilifika hata hapa kwetu: mwaka 1916 Wajerumani walichukua dhahabu ya Sekenke, wakaifua Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, fedha zao zilipokuwa zimekwisha. Upande wa Ulaya, Faber alikufa vitani 1915. Lapize akawa rubani wa ndege za kivita. Tarehe 14 Julai 1917, sikukuu ya taifa la Ufaransa, ndege yake ilitunguliwa karibu na Flirey. Alikuwa na miaka 29.

Kileleni Tourmalet ipo sanamu kubwa ya chuma ya mwendesha baiskeli, mdomo wazi akihema, iliyowekwa kwa kumbukumbu yake. Kabla ya theluji huishusha, na kila Juni huipandisha tena kwa lori, huku mamia ya watu wakiisindikiza kwa baiskeli. Nasi tunaamini wapo kati yao wanaofika juu wakikokota.