Wasifu wa Daktari Arthur Cecil Alport

Mtahiniwa, bila shaka umejifunza kwamba damu huchujwa ndani ya nefroni za figo. Je, umewahi kujiuliza chujio lenyewe limeundwa kwa kitu gani, na huwaje mtu anapozaliwa nalo likiwa na kasoro? Soma wasifu huu kwa makini, kisha ujibu maswali yanayofuata.

Arthur Cecil Alport alizaliwa mwaka 1880 katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Alisomea udaktari Edinburgh, Uskoti, akahitimu mwaka 1905, kisha akarudi kufanya kazi Johannesburg. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, alijiunga na jeshi la Uingereza kama daktari. Alipofika Makedonia, alikuta malaria ikiwaangusha askari wengi. Aliisoma tiba yake hadi akawa bingwa, na mwaka 1919 akachapisha kitabu kuhusu ugonjwa huo. Baada ya vita alifanya kazi katika hospitali ya St Mary's, London.

Hapo ndipo alipoandika makala iliyomjengea jina, mwaka 1927. Kulikuwa na ukoo mmoja ambao watu wake walitokwa na damu katika mkojo, kizazi baada ya kizazi. Madaktari wengine walikuwa wameshaandika kuuhusu, mwaka 1902 na mwaka 1923. Alport aliufuatilia ukoo huo akatambua mambo mawili. Kwanza, wengi wa wagonjwa wa figo walikuwa pia viziwi. Pili, wanaume waliathirika vibaya na kufa wangali vijana, ilhali wanawake wengi waliishi hadi uzeeni. Akahitimisha kwamba figo na masikio vilisumbuliwa na ugonjwa mmoja wa kurithi.

Kwa nini figo na sikio? Jibu lilipatikana Alport akiwa ameshafariki. Mishipa midogo inayochuja damu katika nefroni imezungukwa na utando mwembamba uitwao utando wa msingi. Nguzo ya utando huo ni protini iitwayo kolajeni ya aina ya nne, ambayo imo pia katika sikio la ndani. Protini hiyo ikiwa na kasoro, utando hudhoofika. Seli nyekundu za damu hupenya hadi kwenye mkojo, figo huharibika polepole hadi kushindwa kazi, na usikivu hupungua.

Na kwa nini wanaume zaidi? Mwaka 1990 watafiti walibaini kasoro katika jeni ya protini hiyo iliyo kwenye kromosomu X. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, hivyo hana jeni ya akiba. Mwanamke ana mbili, na ile nzima humkinga kwa kiasi, ingawa naye anaweza kuugua. Zipo pia familia zinazorithi ugonjwa huu kupitia kromosomu isiyo ya jinsia.

Mwaka 1937 Alport alikwenda Cairo, Misri, kuwa profesa wa tiba. Huko aliona wagonjwa maskini wakipuuzwa na fedha za hospitali zikiliwa. Hakunyamaza. Alipigania mageuzi, akajiuzulu, kisha akaandika kitabu kufichua aliyoyaona. Alifariki London mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 79. Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, ugonjwa ule ulipewa jina lake.

Zingatia: Watahiniwa wengi huandika kwamba Alport aligundua protini au jeni. Hilo ni kosa. Yeye aliunganisha dalili ambazo wengine walizitazama mbalimbali; protini na jeni vilikuja kueleza baadaye kile alichokiona kwa kuwachunguza wagonjwa na ndugu zao.

Maswali

1. Taja mambo mawili aliyoyatambua Alport kuhusu ukoo aliouchunguza.
2. Eleza kwa nini kasoro ya protini moja huathiri figo na masikio.
3. Kwa nini wanaume huathirika zaidi kuliko wanawake?
4. Kwa kurejelea maisha yake Cairo, fafanua sifa mbili za Alport.