Joan Root: Subira Nyuma ya Kamera

Anayeshuka kutoka Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, hufika punde kwenye Ziwa Naivasha. Kando ya ziwa hilo aliishi hayati Joan Root, mmoja wa waliofanya picha za wanyamapori kuwa sanaa na sayansi kwa pamoja.

Joan alizaliwa Nairobi mwaka 1936, akaolewa na Alan Root mwaka 1961. Miaka miwili baadaye walinunua makazi Naivasha. Jina la Alan ndilo lililovuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kamera. Hata hivyo, Joan ndiye aliyepanga safari, akatunza vifaa na kulea wanyama yatima waliofika nyumbani kwao.

Filamu yao ya mwaka 1972 kuhusu chemchemi za Mzima, Tsavo, iliwazamisha majini miongoni mwa viboko na mamba. Waliporudi huko baadaye, kiboko alimng'ata Alan mguuni, na jino lake likaitoboa barakoa ya kupigia mbizi ya Joan. Uso wake ukanusurika. Filamu yao ya mwaka 1978 ilifichua maisha ya mchwa ndani ya kichuguu, ikapendekezwa kuwania tuzo ya Oscar.

Baada ya kutengana na mumewe, Joan alibaki Naivasha, akajitolea kulihifadhi ziwa dhidi ya uvuvi haramu. Tarehe 13 Januari 2006 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70.

Leo akili unde imo katika simu zetu. Humtambua pundamilia mmoja mmoja kwa mistari yake, na huchambua maelfu ya picha zilizonaswa na kamera za porini. Katika hayo inaiendeleza kazi ya kina Joan. Lakini pia huweza kuunda picha ya kiboko ambaye hajawahi kuogelea popote. Picha ya namna hiyo huenda ikapendeza, ila haina shahidi. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani na kinasasauti analifahamu vyema jambo hili: data huaminika kwa sababu kuna mtu aliyekuwapo, akasubiri, akaona. Joan alikuwapo.