Tom Campbell Black: Askari wa Vita Kuu, Mkulima wa Rongai, Rubani wa Afrika Mashariki

Anayeishuka milima ya Umatengo kutoka Ruanda na Mbinga kuelekea magharibi, mwisho wa safari yake hufika ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Huko, katika bandari ndogo ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ilikuwa Agosti 1914, mwezi ule ule vita vilipotangazwa Ulaya. Mwaka uliofuata ndege za Waingereza ziliruka juu ya mikoko ya Rufiji zikiisaka manowari ya Königsberg, iliyoangamizwa Julai 1915. Hivyo watu wengi wa delta ile walipoiona ndege kwa mara ya kwanza, waliiona ikiwa chombo cha vita.

Makala haya yanahusu maisha ya mtu aliyejifunza urubani katika vita hivyo hivyo, kisha akautumia ujuzi huo kubeba barua, kuwafundisha wengine na kuwatafuta waliopotea. Jina lake ni Tom Campbell Black. Miaka mingi imepita tangu afariki, na wengi wapandao ndege leo Nairobi au Dar es Salaam hawalijui. Twaona inafaa kulikumbusha katika toleo hili la maadhimisho, kwa maana kumbukumbu ya jumuiya haikamiliki ikiwa itawataja waanzilishi wake wa ndani tu na kuwasahau wale waliofungua njia ambazo sote tumezipita.

Alizaliwa Desemba 1899 katika mji wa Brighton, Uingereza. Baba yake, Hugh Milner Black, alipata kuwa Meya wa mji huo. Kijana Tom alisoma Brighton College, na vita vilipopamba moto aliingia katika kikosi cha anga cha jeshi la majini. Aprili 1918 kikosi hicho kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu, likazaliwa Jeshi la Anga la Kifalme, naye akahamia humo. Vita vilipokwisha Novemba mwaka ule, alikuwa hajatimiza miaka kumi na tisa. Vijana wa rika lake walirudi makwao wakiwa na ujuzi mkubwa ambao dunia ya amani haikujua iutumie vipi.

Kama maveterani wengi wa wakati wake, alielekea Kenya, ambako ndugu zake walikuwa na shamba, akawa mkulima wa Rongai karibu na Nakuru. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Wamasai walikuwa wameondolewa katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa kufuatia mkataba wa 1904, na nyanda zile za juu zilitengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Wazee wetu waliotoka Uhindi walifungua maduka hadi mahali ambapo barabara ilikuwa haijafika, na mafundi wa jamii yetu walijenga reli ya Uganda; hata hivyo hawakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda hizo. Shamba la Tom Campbell Black lilikuwa sehemu ya mpango huo. Hatulitaji jambo hili ili kumvunjia heshima marehemu. Tunalitaja kwa kuwa wasifu unaoficha ardhi ambayo mtu alisimama juu yake haumtendei haki yeyote.

Mkulima huyo hakuisahau anga. Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya ilikuwa ya aina ya de Havilland DH.51, yenye mabawa mawili yaliyopandana, ambayo mlowezi John Carberry aliiagiza kutoka Uingereza katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1928 Black na wenzake wawili waliinunua, nayo ikajulikana kwa jina la Miss Kenya. Wakati huo viwanja vya ndege karibu havikuwapo. Rubani alitua juu ya majani baada ya kuwafukuza wanyama kwa kupita chini chini, akasoma njia kwa kufuata reli, mito na milima, na injini ikizima alijitengenezea mwenyewe au alingoja msaada ambao huenda usifike.

Katika mazingira hayo alikutana na mwanamke aliyeyabadili maisha yake. Florence Kerr Wilson alikuwa mjane wa mkulima, mwenye mali na moyo wa kuthubutu. Black alimpeleka kwa ndege kutoka Kenya hadi Uingereza, na safari hiyo ikamsadikisha kwamba usafiri wa anga ungeweza kuwa biashara ya kweli katika nchi zetu. Mwaka 1929 walianzisha Nairobi kampuni ya Wilson Airways. Mama Wilson alitoa mtaji, naye Black akawa mkurugenzi na rubani mkuu. Walianza na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth.

Msomaji wa leo, aliyezoea kupokea ujumbe papo hapo, apime jambo hili vizuri. Mfanyabiashara wa pwani aliyeagiza bidhaa bara alihesabu siku za meli, za reli, kisha za wapagazi. Barua ya msiba ilifika matanga yakiwa yamekwisha. Kampuni ile ndogo ilipoziunganisha Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, siku ziligeuka kuwa saa. Mwaka 1931 Imperial Airways ilianza safari za London hadi Mwanza, na Januari 1932 njia hiyo ikarefushwa hadi Cape Town, ikipita Moshi, Dodoma na Mbeya. Kwa namna hiyo hata nyanda zetu za kusini zilipata jirani mwenye kiwanja cha ndege. Kule Uhindi nako, Oktoba mwaka huo huo, J. R. D. Tata alirusha ndege ya barua kutoka Karachi hadi Bombay. Pande zote mbili za bahari yetu ziliingia katika zama mpya kwa pamoja.

Tukio la 1931 ndilo linaloonyesha vizuri zaidi mtu huyu alikuwa nani. Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani aliyehesabiwa kuangusha ndege 62 katika Vita Kuu, alikuwa akirudi kwao kutoka Afrika Mashariki ndege yake iliposhindwa, akakwama penye ukiwa kando ya Mto Nile nchini Sudan. Mtu aliyekwama mahali kama pale huuawa na jua na kiu kabla habari zake hazijaufikia mji. Black alimtafuta kwa ndege, akampata, akamwokoa. Miaka kumi na mitatu tu iliyotangulia, sheria ya vita ingemtaka kila mmoja wao amwangushe mwenzake akimwona angani. Baadaye Udet alirejea katika utumishi wa kijeshi, akapanda cheo katika jeshi la anga la Hitler, na mwaka 1941 akajiua. Mwokoaji hapewi kujua aliyemwokoa atakuja kuwa nani. Black aliona mtu aliyekuwa anakufa, akatimiza wajibu wake wa siku ile.

Alikuwa pia mwalimu. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro na mfunzaji wa farasi wa mashindano. Katika kumbukumbu zake alizochapisha 1942, Markham alisimulia jinsi mwalimu wake alivyomsihi aahirishe safari ya kwenda Voi pamoja na Denys Finch Hatton. Alitii. Mei 1931 ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi ikawaka moto, akafa yeye na mtumishi wake Mwafrika.

Mwaka 1932 Black aliondoka Kenya na kurudi Uingereza, akawa rubani binafsi wa Lord Furness. Umaarufu wa dunia ulimjia miaka miwili baadaye. Mji wa Melbourne ulikuwa ukitimiza miaka mia moja, na yakatangazwa mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Australia, umbali wa maili zipatazo 11,300, zawadi ya kwanza ikiwa pauni 10,000. Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 1934, ndege 20 ziliruka kutoka Mildenhall. Black na mwenzake C. W. A. Scott walirusha Grosvenor House, ndege nyekundu ya mbao yenye injini mbili, aina ya de Havilland Comet.

Walipitia Baghdad, kisha wakatua Allahabad, mji ambao Wahindu tunauita Prayag, zinapokutana Ganga na Yamuna. Mashindano ya wenzao wawili mashuhuri, Jim Mollison na mkewe Amy Johnson, yaliishia hapo hapo Allahabad kwa kuharibikiwa injini. Scott na Black waliendelea hadi Singapore. Juu ya bahari ya Timor injini yao moja ilianza kuwatia wasiwasi, na chini yao hapakuwa na nchi kavu hata ya kuanguka. Walifika Darwin wamechoka kupita kiasi, injini ikarekebishwa kadiri ilivyowezekana, wakaendelea wakiitumia kwa tahadhari. Tarehe 23 Oktoba waliuvuka mstari wa mwisho Melbourne, baada ya saa zisizotimia 71 tangu kuondoka. Meli ya abiria ilihitaji zaidi ya mwezi mzima kwa safari ile.

Baada ya ushindi alimwoa Florence Desmond, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, mwaka 1935. Mwaka huo alijaribu kuvunja rekodi ya safari ya Cape Town, lakini ndege ikaharibika juu ya Sudan, na yeye na mwenzake J. H. G. McArthur wakalazimika kuruka kwa mwavuli. Nchi ile ile ambayo aliwahi kumwokoa mwingine, sasa yeye mwenyewe aliingia mikononi mwake, akatoka salama.

Septemba 1936 ulikuwa mwezi wa furaha na wa msiba. Tarehe 4 mwanafunzi wake Beryl Markham aliruka kutoka Uingereza, na siku iliyofuata akafika Nova Scotia, Kanada, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwalimu mwenyewe alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Portsmouth hadi Johannesburg, ambayo yangemrudisha katika anga la Afrika. Tarehe 19, katika kiwanja cha Speke mjini Liverpool, alikuwa akiiendesha ndege yake mpya, Miss Liverpool I, juu ya majani akijiandaa kuruka. Ndege ya kijeshi iliyokuwa imetua punde ikamgonga. Aliumia vibaya, akafariki muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka 36. Jangwa, bahari na bunduki za vita vilimwacha. Mauti yakamkuta ardhini, katika kiwanja cha nyumbani, mbele ya watu waliokuja kumuaga.

Wilson Airways ilikoma kazi yake Vita vya Pili vilipoanza. Hata hivyo njia ilizozifungua hazikufungwa. Mwaka 1946 lilianza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililotuhudumia hadi 1977, na kiwanja cha Wilson jijini Nairobi kingali na jina la mama yule mjane. Miss Kenya na Grosvenor House, ndege ya mkulima na ndege ya bingwa, zote mbili zimehifadhiwa Old Warden, Uingereza, na zingali zikirushwa.

Sisi wa Mbinga na ufuko wa Nyasa twajua maana ya kuwa mbali. Twajua gharama ya mgonjwa anayengoja na ya barua isiyofika. Ndiyo maana maisha haya yanatugusa, ijapokuwa mwenyewe hakuwa wa kabila wala dini yetu, na alilima ardhi ambayo wazee wetu walinyimwa. Vita vilimpa mkono wa kuangamiza, naye akautumia kumfikia aliye mbali. Kila mmoja wetu ana ujuzi alioupata kwa njia fulani, pengine njia asiyoichagua. Atakachoulizwa ni nani alinufaika nao.