Carter Woodson: Mchimba Makaa Aliyefukua Historia

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlio madarasani hivi leo, kila tunapokutana hatukosi kukumbushana habari za walimu wetu na vitabu tulivyovisoma. Safari hii napenda kuwaletea maisha ya mwalimu mmoja ambaye hakupata kufundisha hapa kwetu, lakini kazi yake yatuhusu sana. Jina lake ni Carter Godwin Woodson, Mmarekani Mweusi, ambaye wengi humwita Baba wa Historia ya Watu Weusi.

Woodson alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1875, huko New Canton, katika jimbo la Virginia, Marekani. Ilikuwa imepita miaka 10 tu tangu utumwa ukomeshwe nchini humo. Baba yake, James, na mama yake, Anne Eliza, walikuwa wamepata kuwa watumwa. Baba hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa mtu mwenye kujiheshimu. Aliwafundisha wanawe kumfanyia adabu kila mtu, na papo hapo wasikubali kudharauliwa na mtu yeyote. Shule ya kijijini ilifunguliwa miezi michache tu kwa mwaka, na walimu wake walikuwa wajomba zake Carter. Hata miezi hiyo hakuweza kuihudhuria yote, maana mikono yake ilihitajika shambani.

Mwaka 1892, akiwa kijana wa miaka 16, alikwenda jimbo la West Virginia kutafuta kazi, akaishia katika machimbo ya makaa ya mawe. Ilikuwa kazi ngumu na ya hatari. Lakini huko huko shimoni ndiko alikokutana na mtu aliyemfungulia njia. Huyu alikuwa mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Bwana Jones naye hakujua kusoma, lakini nyumbani kwake alikusanya vitabu na magazeti yaliyoeleza habari za Watu Weusi. Jioni wachimbaji walikutana pale kula, kunywa na kuzungumza. Carter akawa msomaji wao, na ujira wake ukawa kula na kunywa bila kulipa. Alipomaliza kusoma, wazee wale walieleza waliyoyaona kwa macho yao: utumwa, vita na uhuru. Kijana akatambua kwamba ndani ya vichwa vya watu wasiojua kusoma mlikuwa na historia ambayo haikuwamo katika kitabu chochote cha shule.

Mwaka 1895 ndipo alipoingia shule ya sekondari ya Douglass, katika mji wa Huntington. Wakati huo umri wake ulikuwa unakaribia miaka 20. Wengine wangeona haya kukaa dawati moja na watoto. Yeye hakuona haya. Alisoma masomo ya miaka minne kwa muda usiozidi miaka miwili, akamaliza mwaka 1897. Akafundisha katika mji mdogo wa wachimbaji, na mwaka 1900 akarudi katika shule ile ile ya Douglass, safari hii akiwa mwalimu mkuu. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu alipoingia pale kama mwanafunzi.

Hakutosheka. Alisoma katika Chuo cha Berea, jimbo la Kentucky, na kupata shahada mwaka 1903. Chuo hicho kilipokea wanafunzi Weusi na Weupe pamoja, jambo lililokuwa nadra, na mwaka uliofuata jimbo lilitunga sheria ya kupiga marufuku mchanganyiko huo. Woodson alikuwa amekwisha pita mlangoni kabla haujafungwa.

Baadaye alipelekwa Ufilipino, iliyokuwa chini ya Marekani, kufundisha mashuleni. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau. Vitabu vya watoto vilikuwa vimeletwa kutoka Marekani, na vilizungumza juu ya matofaa na vitu vingine ambavyo watoto wale hawakuwa wameviona. Baadaye aliandika juu ya mwalimu mmoja wa huko aliyeacha habari za matofaa, akawafundisha wanafunzi wake kwa miti ya kwao na mashujaa wa kwao, nao wakaelewa upesi. Woodson akajiuliza: ikiwa mtoto wa Ufilipino adhurika kwa kusomeshwa mambo ya watu wengine peke yake, je, mtoto Mweusi wa Marekani?

Aliporudi alisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kabla yake ni Mtu Mweusi mmoja tu, W.E.B. Du Bois, aliyekuwa amepata udaktari hapo. Lakini hata katika chuo hicho kikubwa aliwasikia wasomi wakisema kwamba Watu Weusi hawana historia ya kuandikwa. Mwana wa watumwa, aliyewasikiliza wazee wa machimboni, alijua kwamba sivyo. Hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa kazi iliyomchukua maisha yake yote.

Mwezi Septemba 1915, akiwa mwalimu wa sekondari mjini Washington, alikutana na wenzake wachache huko Chicago, wakaanzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya Watu Weusi. Mwezi Januari 1916 alitoa toleo la kwanza la jarida la chama hicho, kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 1922 aliacha kazi za vyuoni na kununua nyumba katika Mtaa wa Tisa, Washington. Chini ilikuwa ofisi na ghala ya vitabu. Juu ndiko alikolala. Hakuoa. Alifungasha vitabu, akajibu barua, akasahihisha chapa. Kijana Langston Hughes, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, alifanya kazi kwake kwa muda, akifungua ofisi asubuhi na kuchochea moto wa tanuri usiku. Kusoma chapa kulimwumiza macho, akaacha na kwenda kufanya kazi hotelini. Tusifiche ukweli: Woodson alikuwa mkali, mwepesi wa kugombana, na si wengi walioweza kwenda kwa mwendo wake.

Mwezi Februari 1926 alianzisha Juma la Historia ya Watu Weusi. Alichagua juma lenye siku za kukumbuka kuzaliwa kwa Abraham Lincoln na Frederick Douglass, ambazo watu walikuwa wamekwisha zoea kuziadhimisha. Mashule, makanisa na vyama vya akina mama viliipokea siku hadi siku, na walimu wakaandika kumwomba picha, michezo ya kuigiza na vitabu.

Kisha likaja jaribu kubwa. Chama kilitegemea sana misaada ya mifuko ya matajiri Weupe. Katika miaka ya 1930 wafadhili walitaka chama kiwekwe chini ya chuo, ndipo fedha ziendelee. Kwa mtu mwenye madeni ya wachapaji, neno hilo halikuwa dogo. Kukubali kulikuwa na maana ya kupata fedha. Kukataa kulikuwa na maana ya kuhatarisha kazi yote. Woodson alikataa. Aliona kwamba anayelipia kalamu ataka pia kuchagua maneno. Misaada ilipokatika, aliwageukia walimu wa vijijini, waumini na wafanyakazi, nao wakachanga senti zao. Chama hakikufa.

Mwaka 1933, katika siku hizo za dhiki, alitoa kitabu chake mashuhuri, The Mis-Education of the Negro. Humo alieleza kwamba mtu akifundishwa tangu utotoni kujidharau, huna haja ya kumfunga minyororo, atajifunga mwenyewe. Mwaka 1937 alianzisha gazeti la pili, lililoandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa mashuleni.

Woodson alifariki ghafla nyumbani kwake tarehe 3 Aprili, 1950, akiwa na umri wa miaka 74. Aliacha kamusi kubwa ya habari za Watu Weusi aliyokuwa hajaimaliza. Lakini mbegu ilikwisha ota. Mwaka 1976 juma lile likawa mwezi mzima, nao huadhimishwa kila Februari. Ile nyumba ya Mtaa wa Tisa siku hizi huhifadhiwa na serikali ya Marekani kama mahali pa kumbukumbu.

Jambo moja la mwisho. Woodson hakusubiri historia imfikie katika vitabu. Aliwaomba watu wa kawaida barua za wazazi wao, hati za zamani na karatasi zilizosahauliwa masandukuni, akakusanya maelfu na kuziweka katika maktaba kuu ya taifa, ambako wasomi huzitumia. Wenzangu wa zamani, picha zetu za darasa, barua na daftari zetu ziko wapi? Nanyi vijana, mkienda likizo, ketini na bibi na babu, mkachukue kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na historia nayo ni mali.