Harry Weslake na Njia ya Hewa

Kabla sijawasimulia habari za Bwana huyu, sina budi kuungama kosa langu. Babu yangu hapa Same ana motokaa kuukuu, Morris Minor. Likizo iliyopita fundi aliifungua silinda hedi yake, nami kwa ujuaji wangu nikachukua tupa, nikayapanua matundu ya kuingizia hewa, nikidhani kuwa tundu kubwa huleta nguvu nyingi. Tulipopanda mlima wa kwenda Mbaga ikakohoa, ikasimama. Babu akashuka akaenda kwa miguu, wala hakunisemesha.

Ndipo mwalimu wetu wa Fizikia aliponitajia Harry Weslake.

Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Exeter, Uingereza. Wengine walipokisia kwa macho, yeye alipima: alipitisha hewa katika tundu la silinda hedi, akiinua valvu kidogo kidogo, akaandika kiasi kilichopita. Akaona kuwa hewa haipendi kona kali, na kwamba katika tundu pana mno huenda polepole. Sisi Wapare tungalimwelewa upesi, maana maji ya ndiva nayo hulegea mferejini panapokuwa papana, na penye kona kali hubomoa ukingo.

Katika miaka ya 1920 alizifanyia kazi injini za Bentley. Baadaye alisaidia kubuni silinda hedi ya Jaguar, na motokaa hizo zilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mara tano kati ya mwaka 1951 na 1957. Mwezi wa Juni 1967 Dan Gurney alishinda mbio za Ubelgiji kwa injini ya Weslake yenye silinda 12, kila moja na valvu nne. Katika injini kama hizo hata mabomba ya ekzosi hukatwa kwa kipimo, ili mshindo wa moshi unaotoka urudishe mvuto wa kuutoa uliobaki.

Lakini lililoniumiza ni hili. Vyumba vya moto vya Morris ya babu vina umbo la moyo, na umbo hilo ni kazi ya Weslake mwenyewe. Niliipiga tupa kazi yake!

Alifariki mwaka 1978. Silinda hedi ile haikufaa tena; babu amepata nyingine kuukuu kutoka Moshi. Ilipofungwa niliruhusiwa kushika taa tu.