Fundi Konde: Gwiji wa gitaa ambaye nyimbo zake zilihifadhiwa ughaibuni

UNAPOTAJWA muziki wa Eastlands jijini Nairobi, wengi hukumbuka kwanza Kalamashaka, kundi la mtaa wa Dandora lililovuma mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kibao Tafsiri Hii. Hata hivyo, nusu karne kabla ya hapo, mitaa ya mashariki mwa jiji ilikuwa tayari ikiserebukia nyimbo za Kiswahili zilizosimulia raha na mashaka ya maisha ya mjini. Miongoni mwa waliouasisi muziki huo ni marehemu Fundi Konde.

Konde alizaliwa mwaka wa 1924 katika jamii ya Wagiriama, pwani ya Kenya. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipochacha, alijikuta katika kikosi cha burudani cha jeshi la Uingereza, akawatumbuiza askari Waafrika waliopelekwa hadi Burma. Askari hao walitoka makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Msanii aliyetaka kuwafurahisha wote hakuwa na budi kuwaimbia kwa lugha hiyo.

Funzo hilo lilimfaa sana vita vilipokwisha. Wakati huo Waafrika wa Nairobi walikuwa wametengewa mitaa yao mashariki mwa mji: Pumwani, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Watu wa kila kabila walipanga vyumba ukuta kwa ukuta. Jioni walikutana katika kumbi za mitaa kucheza dansi, na santuri zilizunguka kwenye gramafoni majumbani na katika hoteli za chai. Hadhira ya jeshini ilikuwa imehamia mjini.

Konde alianza kurekodi katika miaka hiyo ya 1940, akiwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme. Santuri ya wakati huo ilibeba takriban dakika tatu tu za muziki kila upande, kwa hivyo mtunzi hakuwa na nafasi ya porojo. Konde aliumudu ufupi huo barabara. Sauti yake ilikuwa ya upole, na gitaa lake lilichota mdundo wa rumba ya Cuba bila kuiacha ladha ya Pwani. Katika wimbo Tausi, alimlinganisha mpenzi na ndege huyo wa madaha, tamathali ambayo malenga wa Pwani hawangeona ugeni wake.

Kibao chake kingine, Majengo Siendi Tena, kilivuma kwa sababu tofauti. Majengo ni sehemu ya Pumwani, lakini Mombasa pia ina Majengo, na vivyo hivyo miji mingine kadhaa ya Afrika Mashariki. Kila msikilizaji alikuwa na Majengo yake, pengine na kisa chake cha kuapa kwamba hatarudi huko. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Konde: alichukua jina la mtaa wa makabwela, ambao wenye mamlaka waliutazama kwa dharau, akaufanya mahali panapostahili kuimbwa.

Uzito wa nyimbo hizo huonekana vyema zaidi zikikumbukwa nyakati zake. Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Aprili 24, 1954, majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya wakazi wa mitaa ya Waafrika wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Wapo wanaoweza kuziona nyimbo za mapenzi za kipindi hicho kuwa nyepesi. Lakini katika mji ambamo Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande na kueleza kila mara anakokwenda, kuimba kuhusu kupenda, kuvunjwa moyo na kujuta kulikuwa pia kudai ubinadamu wake.

Licha ya umaarufu huo, mwanamuziki wa enzi hiyo kwa kawaida alilipwa ujira wa kurekodi, na haki za wimbo zikabaki mikononi mwa kampuni. Santuri nazo zilivunjika, zikachakaa au zikatupwa zilipokuja za aina mpya. Kizazi kilichofuata kilikua bila kuijua sauti ya Konde.

Jina lake lilifufuka miaka ya 1990. Bendi ya Them Mushrooms ilishirikiana naye kurekodi upya nyimbo zilizopendwa, na mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ikatoa albamu yenye mkusanyo wa rekodi zake za kati ya 1947 na 1956. Msikilizaji wa London sasa aliweza kununua dukani muziki ambao mkazi wa Pumwani hangeupata kwa urahisi.

Konde aliaga dunia mwaka wa 2000, akiwa amebahatika kuona kazi yake ikithaminiwa tena. Wenzake wengi hawakupata bahati hiyo. Rekodi zao zimebaki kuwa majina tu vinywani mwa wazee, na wazee hao wanazidi kupungua. Albamu ile moja ni ushahidi kwamba hazina hiyo inaweza kuokolewa. Kinachosikitisha ni kwamba aliyejitokeza kuiokoa alitoka mbali.