Abbas Ibn Firnas: Aliyeruka Bila Mkia

 

Hebu tuanzie pale pale ulipo. Ni baada ya Alasiri, mko barazani hapa Bondeni, saumu imekolea, na harufu ya viazi karai yapita kwa makusudi. Kijana mmoja atoa simu, awaonyesha gari lililoota mabawa. Wa pili asema hilo si kupaa, ni kuruka tu kama kuku wa jirani. Wa tatu hangoji. Yeye ashikilia kuwa hayo yote Waislamu waliyafanya zamani, ati Abbas Ibn Firnas alivumbua ndege miaka elfu moja kabla ya Wazungu na akakaa angani dakika kumi nzima. Baraza lote lanyamaza, maana ni maneno matamu hayo.

Je, ni kweli? Usilione swali hili dogo. Twafunga tumbo, lakini twaambiwa tufunge na ulimi pia, na uongo ni uongo hata ukiwa wa kuisifu dini yetu. Basi njoo tumjue mzee huyu kama alivyokuwa. Utaona, inshaallah, kwamba ukweli wake watosha bila kutiwa chumvi.

ALIKUWA NANI?

Jina lake ni Abul Qasim Abbas bin Firnas. Alizaliwa yapata mwaka 810 katika nchi ya Andalus, upande wa Takurunna, karibu na mji unaoitwa leo Ronda, kusini mwa Hispania. Asili yake ni Barbari wa Afrika Kaskazini. Kwa hivyo, kijana mwenzangu, huyu ni mtu mwenye mizizi katika bara letu hili.

Maisha yake yalikuwa Qurtuba, mji mkuu wa Banu Umayya wa Andalus. Alifika katika baraza za watawala watatu waliofuatana: Al-Hakam wa kwanza, kisha Abdurrahman wa pili aliyetawala kutoka 822 mpaka 852, kisha mwanawe Muhammad aliyetawala mpaka 886. Qurtuba ya siku zile ilikuwa ikivuta watu wa kila fani. Ziryab, yule mwanamuziki mashuhuri kutoka Baghdad, naye alikuwa pale.

Ibn Firnas hakuingia barazani kwa sababu ya kuruka. Aliingia kwa ushairi. Alikuwa malenga, na alijua muziki na nyota. Kulikuwa na kitabu cha elimu ya vina na mizani ya mashairi cha Al-Khalil bin Ahmad kilichofika Andalus kutoka mashariki, watu wakakifungua wasikielewe. Yeye ndiye aliyeketi nacho mpaka kikamfungukia, akawafundisha wengine. Hebu weka jambo hili akilini. Mtu huyu, alipokutana na kitu kilichowashinda watu, hakukiwacha.

NYUMBA ILIYOKUWA NA MBINGU NDANI

Mikono yake nayo haikutulia. Wanahistoria wa Andalus wamtaja kuwa wa kwanza katika nchi yao kujua kutengeneza kioo kutokana na mawe. Alitengeneza saa ya kupima nyakati bila kutegemea jua. Na kwa Muislamu, ndugu msomaji, saa si pambo: ni swala, ni daku, ni futari siku ya mawingu.

Vilevile wamtaja katika ufundi wa kuchonga billauri, lile jiwe gumu jeupe lipitishalo mwanga. Kabla yake, billauri ya Andalus ilikuwa ikipelekwa Misri kuchongwa. Na hapa pana neno la kutufurahisha sisi watu wa pwani: Al-Biruni, aliyeandika katika karne ya 11, ataja billauri ikiletwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, yaani pande zetu hizi za bahari. Biashara ya jiwe hilo ilitugusa na sisi.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni chumba alichokijenga nyumbani kwake. Ukiingia, waona mfano wa mbingu: nyota, mawingu, umeme, na radi ikinguruma. Wageni walitoka humo wakisimulia mji mzima.

Sasa wewe wajua mtaa ulivyo. Mtu akifanya jambo lisiloeleweka, wako watakaosema ni mchawi. Na yeye hayo yalimpata. Alishitakiwa kuwa ameharibika itikadi, akasimamishwa mbele ya kadhi, na mashahidi wakaletwa. Kadhi alisikiliza, akaona hakuna hoja, akamwachia. Ninyi wazazi, nawaombeni mkumbuke kisa hiki siku mtakapomkuta mwanenu amefungua redio yote mezani. Kadhi yule aliuliza kwanza, ndipo akahukumu.

SIKU YA KURUKA

Alipokuwa mtu mzima sana, kwa hesabu ya wengi mnamo mwaka 875, yaani akiwa na miaka sitini na kitu, Ibn Firnas alifanya lile lililobakisha jina lake. Alijivika manyoya mwilini, akajiwekea mbawa mbili, akajitupa hewani. Akaenda masafa ya mbali. Kisha ukafika wakati wa kutua, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alianguka vibaya akaumia kwa nyuma.

Aliyetuandikia kisa hiki ni Al-Maqqari, mwanahistoria aliyezaliwa Tlemcen, Algeria, na kufariki Cairo mwaka 1632. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 700 baada ya tukio. Al-Maqqari alinukuu kutoka kwa waliomtangulia, na wala hakutaja dakika kumi. Hakutaja dakika hata moja, wala urefu wa pale aliporukia. Hizo dakika zimetiwa na watu wa baadaye, kama samaki wa mvuvi anavyorefuka kila kisa kikisimuliwa.

Je, basi ni hadithi tu? La, na sikiliza kwa nini. Qurtuba kulikuwa na mshairi mwingine, Mu'min bin Said, ambaye hawakupikika chungu kimoja. Walikuwa wakirushiana mashairi, kama mabingwa wetu wa Mvita walivyokuwa wakijibizana zama za Muyaka bin Haji. Huyu Mu'min alitunga beti za kumcheka Ibn Firnas kwa kujivika manyoya na kuruka. Subhanallah! Alitaka kumwaibisha, na badala yake amekuwa shahidi wake. Maana mtu hamcheki hasimu wake kwa jambo ambalo mji mzima wajua halikutokea. Miaka yote hii imepita, na ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba mzee yule aliruka umetoka kinywani mwa aliyemcheka.

MKIA

Al-Maqqari alieleza na sababu ya kuanguka: Ibn Firnas hakujua kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, na yeye hakujitengenezea mkia.

Kesho ukitoka swala ya Alasiri, simama dakika mbili utizame kunguru, hao waliotujaa mjini. Akiwa mbali, mkia umefumbwa. Akikaribia ukuta, hunyanyua kifua, akakunja mbawa kama bakuli, na mkia akautandaza kama upepo wa ukili. Mkia ule humsaidia kupunguza mwendo na humzuia asipinduke. Ndege za abiria nazo zina mkia kwa sababu hiyo hiyo: bila huo pua hupanda au huinama, na rubani hana la kufanya. Na ukiwa ndani ya ndege inayoshuka uwanja wa Moi, tizama nyuma ya bawa: utaona vipande vikitoka na kuinama. Hilo ni bawa likijiandaa kwenda polepole bila kuanguka.

Qur'ani yenyewe yatuita tuwatizame ndege walio juu yetu, katika Suratun Nahl na tena katika Suratul Mulk. Mzee wetu aliwatizama wakipaa. Wakitua, hakuwatizama vya kutosha.

KUPAA HASA NI KUPI?

Sasa turudi barazani kwenye lile gari. Lugha yetu yatutega kidogo. Mtoto huruka mtaro, na ndege huruka angani, neno ni moja. Kwa hivyo tuweke mizani ya mambo manne: kuinuka kutoka chini kwa nguvu zako, kukaa hewani, kujiongoza utakako, na kutua salama.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walitimiza yote manne tarehe 17 Disemba 1903. Safari ya kwanza ilikuwa sekunde 12 tu, na ya nne siku hiyo hiyo sekunde 59. Ni muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa chungu. Lakini waliinuka kwa injini, wakaongoza, na kabla ya hapo walikuwa wamefanya majaribio miaka mitatu na mbawa zisizo na injini. Nao walisoma kazi ya Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeteleza hewani mara zipatazo elfu mbili mpaka akaanguka na kufa mwaka 1896.

Huku kwetu Kenya, mwaka 2010, fundi mmoja wa kompyuta huko Nyeri alijiundia ndege kwa kusoma katika intaneti, akaitia injini ya gari. Ilinguruma, ikakimbia, haikupaa. Watu walicheka. Na lile gari la mabawa la Slovakia, AirCar, liliruka mwezi Juni 2021 kutoka Nitra mpaka Bratislava kwa dakika 35, kisha likakunja mabawa na kuingia barabarani. Hilo limepaa kweli, kwa mizani yote minne.

Na Ibn Firnas? Tuseme haki. Hakuinuka kwa nguvu zake, wala hakuwa na injini. Alikaa hewani, ndiyo. Kama alijiongoza, hatuna la kushika. Kutua kulimshinda. Basi hakuvumbua ndege. Alichofanya ni kuteleza hewani kwa mbawa alizozitengeneza mwenyewe, akaishi baada yake, na watu wakajifunza kosa lilikuwa wapi. Wangapi walijaribu wasipate hata hilo? Al-Jawhari, yule mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiarabu iitwayo As-Sihah, alijitupa huko Nishapur mwanzoni mwa karne ya 11 na akafa. Mtawa mmoja wa Uingereza, Eilmer, alijaribu karne hiyo hiyo akavunjika miguu, na yeye pia kosa lake likaelezwa ni kukosa mkia. Fikiri hapo! Kosa lile lile, watu wawili, na habari haikuwa imefika. Elimu isipoandikwa na kusomwa, kila mmoja huanguka upya.

TUNALO LA KUCHUKUA

Ibn Firnas alifariki mwaka 887, sawa na 274 Hijria, miaka kama kumi na mbili baada ya kuruka kwake. Leo Baghdad kuna sanamu yake kwenye njia ya uwanja wa ndege, na Qurtuba kuna daraja lenye jina lake lililofunguliwa mwaka 2011. Na hata mwezini kuna shimo lililopewa jina lake, lenye upana wa kilomita kama 89, yaani kushinda kutoka hapa mpaka Kilifi. Liko upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Siku ya kuutafuta mwezi wa Idi, sisi sote shingo juu, jina lake litakuwa huko nyuma, hatulioni.

Basi kijana mwenzangu, nakuomba mambo matatu. Kwanza, usijitupe kutoka sakafuni kwa mama yako. Anza na tiara pale Makadara, nayo uitie mkia uone tofauti. Pili, ukimsifu Muislamu, msifu kwa alilolifanya. Yule wa dakika kumi akija barazani, mrudishe kwa upole, maana siku moja mwenzake asiyekuwa Muislamu atamuuliza dakika hizo kazitoa wapi, na aibu itatuangukia sote. Tatu, ukimwona mtu ameunda kitu kikakataa kupaa, usiwe Mu'min bin Said. Muulize mkia uko wapi, kisha umsaidie kuufunga.

Allah SWT atutakabalie saumu zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.